Bilioni Moja na Saba

Theodory aliondoka Jumanne asubuhi kwenda Mikumi kusimamia mtihani. Alasiri, akiwa njiani kurudi Kilosa, pikipiki aliyopanda iliteleza kwenye tope la Zombo. Jioni nilikabidhiwa viatu vyake. Kimoja kilikuwa bado kimefungwa kamba.

Mume wangu alikuwa mwalimu wa hisabati. Kwa miaka tisa, kila jioni baada ya chakula, aliigawa namba ileile, bilioni moja na saba, akitafuta namba itakayoigawa bila baki. Simu ingempa jibu kufumba na kufumbua, hakutaka.

"Nitagonga mlango kwa mlango, Generoza," alisema. "Yote ikikataa, basi ni tasa."

Tasa. Ndivyo vitabu vya shule vinavyoiita namba isiyogawanyika ila kwa moja na kwa yenyewe. Ndivyo pia ukoo wake ulivyoniita mimi, miaka kumi na moja ya ndoa bila mtoto. Kila alipolitamka neno hilo, niliinuka kwenda kuosha vyombo.

Baada ya arobaini, wifi yangu Yusta alikusanya vitu vya marehemu, akakuta madaftari kumi na mawili. Juu ya kila moja kaka yake aliandika: *Je, ni tasa?* Aliyabeba mpaka kwa mama mkwe, aliyekuwa ameketi barazani.

"Ona, mama! Kaka alikuwa anampima huyu miaka yote. Kwa mahesabu!"

"Anampima nini?"

"Uzazi. Hizi ni siku zake. Alitaka kujiridhisha kabla ya kumrudisha kwao. Sisi tunaimalizia tu kazi yake."

"Wifi," nilisema nikimwonyesha namba za daftari la mwisho, "mwanamke gani ana siku elfu thelathini?"

Mama alicheka kidogo, akajizuia. Nikamweleza yote kuhusu ile namba. Alisikiliza, mkono shavuni.

"Sasa alifika wapi?"

Nilifungua ukurasa wa mwisho. Jumatatu ile alikuwa amegawa kwa 31,601, baki 17,963. Kwa kuwa aligawa kwa namba tasa tu, ilisalia moja, 31,607. Zaidi ya hapo hapana haja: kigawo chochote kikubwa zaidi kingekuwa na mwenzake mdogo, ambaye Theodory alikwisha kumjaribu.

"Malizia," alisema mama.

Nilikaa nikagawa, nao wakinitazama. Naona haya kuandika hili: niliomba baki liwe sifuri. Nilitaka namba yake ipate walau mmoja. Nilirudia mara mbili. Baki 17,741.

"Ni tasa, mama."

Sikuwa nimewahi kulitamka neno hilo kwa kinywa changu. Sikuinamisha kichwa.

"Kwa hiyo ni mbovu?"

"Hapana. Alisema namba nyingine zote zimejengwa kwa hizi."

Yusta alikuwa ameinuka, akijifanya kukunja kanga. Mama alipitisha kidole juu ya mwandiko wa mwanawe, mstari kwa mstari, ingawa hajui kusoma.

"Hakuwa anakuhesabu wewe."

"Hapana, mama."

"Nimeelewa, mwanangu." Alifunga daftari. "Lakini ukoo ulishakaa ukaamua urudi kwenu, nami ni mmoja tu."

Jumamosi nilipanda gari la Tindiga, kwetu. Nalima mpunga na kaka yangu Samweli. Kitalu kimeshaota, wiki ijayo tunahamisha miche.