Ngoja Ikauke

Mabati sita yalifika kijijini Karungu, kando ya ziwa, asubuhi na mapema juu ya pikapu ya Abdirahim, na yote yalikuwa yamejaa maneno. SABUNI. SARUJI. MISUMARI. Herufi nene nyeusi, zenye kivuli chekundu pembeni, na kila moja ilitoka mkononi mwa Nashon mwenyewe. Aliziandika miaka minane nyuma kwenye ubavu wa duka la Abdirahim pale Suna, mjini Migori, akaziringia mpaka watu wakachoka kumsikiliza. Sasa mabati hayo yalikuwa yanakwenda kuwa ukuta wa nyumba ya mwanawe aliyekufa.

Elvis alifia Nairobi kwa homa ya mapafu, akiwa na miaka ishirini na saba, bila kujenga simba, ile nyumba ambayo kijana wa Kiluo hujijengea ndani ya boma la baba yake. Mwanamume mzima hawezi kuzikwa kama mgeni asiye na kwao. Nyumba lazima isimame kwanza, hata ikiwa ya siku moja, mwili uingie ndani ulale, ndipo kesho yake azikwe. Kwa hiyo wajomba na majirani walichimba mashimo ya nguzo, wakapigilia mabati ya msaada, na kufikia saa nne nyumba ilikuwa imesimama karibu na lango. Ilikuwa na mlango mmoja, na usoni imeandikwa MISUMARI.

Ingekuwa siku nyingine watu wangecheka mpaka wakae chini. Siku hiyo hakuna aliyethubutu.

Rispa, mama yake Elvis, alitoka jikoni amekumbatia mkebe wa rangi, akauweka miguuni pa mumewe.

"Baba Elvis, paka hii."

Nashon aliutambua kabla hajauangalia vizuri. Hakujua kwamba mkewe aliuficha chini ya kitanda miaka mitatu yote. Juu ya kifuniko kulikuwa na mwandiko wa Elvis, mbaya kama wa daktari: USIGUSE MPAKA IKAUKE.

Miaka mitatu iliyopita, mwaka wa tisini na nne, Elvis aliingia na mkebe huo katika duka la Abdirahim. Alikuwa anafanya kazi kwenye maabara ya kiwanda cha rangi Nairobi, na siku hiyo alikuwa na furaha ya mtoto aliyenunuliwa viatu. Alitaka baba yake, fundi anayeaminiwa na Migori nzima, aijaribu rangi mpya mbele ya Abdirahim. Fundi akisema ndiyo, Abdirahim ataiweka dukani.

"Baba, weupe wa rangi zetu ni unga wa kutoka ng'ambo, na ni ghali," Elvis alisema. "Hii tumepunguza huo unga. Tumeweka vitufe vya plastiki, vidogo huwezi ona na macho. Na ndani viko wazi."

"Viko wazi? Umeniletea rangi yenye haina kitu ndani?"

"Ina hewa, Baba."

Wateja waliangua kicheko. Elvis hakukata tamaa. Alichukua kipande cha sabuni ya buluu kwenye rafu, akakisugua kwa maji kiganjani. "Sabuni ni buluu. Maji haina rangi. Na hii povu?"

"Nyeupe," alijibu Abdirahim.

"Sasa hiyo nyeupe imetoka wapi? Ni hewa tu imeingia ndani."

Lakini Nashon alikuwa na kipimo chake, kipimo cha mafundi wote wa Migori. Rangi hupimwa ikiwa mbichi. Unapiga brashi mara moja juu ya herufi nyeusi, na herufi ikiendelea kukutazama, rangi hiyo ni feki, irudi ilikotoka. Alichovya, akapiga juu ya kibao cha zamani. Herufi zilibaki pale pale, nyeusi kama awali, kana kwamba amezimwagia maji.

"Ngoja ikauke," Elvis alimsihi. "Saa hii vitufe vimejaa maji, mwanga unapita tu. Maji ikitoka utaona. Nusu saa, Baba. Nusu saa tu."

Nashon akachukua tambara na kuipangusa yote. "Nimeshika brashi miaka thelathini," alisema, kwa sauti ya kusikika hadi nje. "Kijana amesomeshwa mpaka akaniletea maji ya uji."

Watu walicheka tena, na yeye, Mungu amsamehe, alifurahi kwamba wamecheka. Abdirahim aligeuka akajifanya anapanga misumari. Elvis akapita kwa mama yake, akamwachia mkebe, akaondoka na basi la mchana huo huo. Desemba alitarajiwa kuja kujenga simba yake, hakuja. Desemba iliyofuata, vile vile. Barua zilimjia mama yake, na mwishoni kila mara kulikuwa na mstari mmoja: msalimie Baba. Nashon, mtu aliyeandika majina ya nusu ya maduka ya Suna, alishindwa kuandika barua moja.

Sasa alifungua mkebe kwa bisibisi, akakoroga kwa kijiti, akaanza kupaka.

Ilikuwa kama ile siku. Brashi ilipita juu ya MISUMARI na MISUMARI ikabaki. Alimaliza ukuta wa mbele wote, mkebe ukaisha, na bado mtu angesoma neno lile akiwa barabarani. Upande wa ziwa wingu zito lilikuwa limejikusanya, maana mwaka ule mvua hazikujua kupumzika. Wanawake waliokaa chini ya turubai walinong'onezana.

Simeon, mdogo wake Nashon, alikuja mbio na kopo la rangi ya mafuta. "Owadwa, ndugu yangu, gari la maiti limeshapita Ndhiwa. Mwenye baiskeli amelipita likihangaika kwenye matope. Pangusa hiyo maji, tupake hii haraka. Tutaingiza mtoto kwenye nyumba ya kuuza misumari?"

Tambara lilikuwa begani mwa Nashon. Alilishika. Mkono wake ulijua kazi hiyo, ulitaka kuifanya, na kwa kitambo alijichukia kwa namna ulivyotaka.

"Hapana," akasema. Akalitupa tambara mbali, kule kwenye matope.

Gari lilifika likiwa limechafuka hadi madirishani, kwa kuwa lilitoka mochari ya Homa Bay, ambako mwili ulihifadhiwa baada ya kuletwa kutoka Nairobi, kwa barabara mbovu. Vilio vikapanda. Vijana sita waliteremsha jeneza, wakalibeba kuelekea mlangoni. Nashon akasimama mbele yao, mikono ameinyoosha.

"Ngojeni."

"Tungoje nini, mzee?" mmoja aliuliza.

"Ngojeni ikauke."

Walidhani majonzi yamempanda kichwani. Simeon alimshika kiwiko. "Owadwa, usituaibishe. Jeneza halingojei rangi."

"Aliniomba nusu saa!" Sauti ya Nashon ilipasuka. "Mbele ya watu aliniomba, Simeon. Nusu saa tu, nikamnyima. Kwa sababu walikuwa wanacheka."

Abdirahim, aliyekuwa amesimama nyuma ya wote, ndiye aliyesogea mbele. "Mimi pia nilikuwa pale," alisema polepole. "Na mimi sikungoja. Leteni viti, tuliweke chini."

Wakaleta viti viwili, jeneza likawekwa juu yake, hapo uani. Rispa akaja akaweka mkono juu ya mbao, ukabaki hapo. Watu mia mbili wakasimama kungoja rangi ikauke. Wingu lilining'inia juu ya ziwa, lakini upepo mdogo ulivuma, na jua likapata mwanya.

Kilianza kivuli chekundu. Kikawa cha waridi, kisha hakikuonekana. Halafu herufi zenyewe zikaanza kufifia toka pembeni, pale rangi ilipokuwa nyembamba, maji yakatoka yalikokuwa na weupe ukaingia, bila mtu kugusa kitu. Msichana mmoja alisema kwa sauti, "Zinaenda!" Mama yake akamziba mdomo. I ya mwisho ndiyo iliyochelewa. Nashon aliitazama hiyo tu. Ilipopotea, ukuta ulikuwa mweupe wa kuumiza macho, mweupe kuliko kitu chochote alichowahi kupaka, na yeye alikuwa analia bila kujificha.

Aliweka kiganja ukutani, akakigeuza. Kilikuwa kisafi.

Akarudi kwenye jeneza, akainama karibu na pale alipojua kichwa kimelala.

"Imekauka, wuoda," alisema kwa lugha ya kwao. "Mwanangu, imekauka. Ulisema kweli."

Kisha akaenda kufungua mlango mwenyewe. Ndani hamkuwa na kitanda, wala kiti, wala msumari mmoja wa kutundikia shati. Akasimama kando, mgongo ukutani, ili mwanawe apite.