Nyanzala Hakuiona Njaa

Profesa Lukresia Maganga aliwachosha wanafunzi wake kwa miaka ishirini na sita kwa kanuni moja: tarehe isiyo na mashahidi wawili si tarehe, ni fununu. Kwa kanuni hiyo huyu binti wa wakulima wa Ushirombo, aliyeanza kazi kwa kufundisha sekondari, aliandika vitabu vinne na kushinda tuzo mbili. Tuzo ya tatu ilikuwa itolewe Jumamosi, katika ukumbi mmoja wa Nyahanga mjini Kahama, kwa kitabu chake kuhusu wanawake waliochimba dhahabu kabla ya migodi mikubwa.

Alhamisi alikwenda Segese kumpelekea nakala Bibi Melania. Huyu alikuwa dada mkubwa wa marehemu Nyanzala, shujaa wa sura ya nne. Wakati wa utafiti bibi alikuwa akiishi Geita kwa mwanawe, kwa hiyo Lukresia aliwahoji watoto wa Nyanzala peke yao.

"Mwangaluka, mayu," alisalimu.

"Sema Kiswahili tu, mwanangu. Hicho Kisukuma chako kinachechemea."

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Haya, sasa tumeelewana."

Bibi alikipokea kitabu, akakisogeza mbali na macho. Jaladani palichorwa msichana aliyeshika karai. "Huyu nani?"

"Mdogo wako Nyanzala, mwaka 1960, alipoupata mwamba wa kwanza wa dhahabu. Alikuwa na miaka kumi na saba."

Bibi Melania alicheka mpaka akashika mbavu. "Mwaka huo Nyanzala alikuwa kibogoyo, meno ya utotoni yanadondoka. Nani alikudanganya?"

"Jina lake. Nyanzala ni mtoto wa njaa, na njaa ile ya wakati wa vita ilikuwa mwaka 1943."

"Njaa hakuiona. Alizaliwa mvua imekubali, mtama umejaa ghalani. Tulimwita Kabula, mtoto wa mvua. Akawa analia tu, ziwa hataki. Baba akasema huyu anataka jina la bibi yake. Alipopewa, akanyamaza. Mwenye kuzaliwa na njaa ni bibi, zamani za Mjerumani. Na mwamba aliupata bibi huyo huyo, akichimba mizizi ya dawa. Nilikuwa na miaka kumi na miwili. Karai nilibeba mimi."

Lukresia aliandika kila neno. Desturi ya kurithi jina aliijua vizuri. Alikuwa akiifundisha kila mwaka. Lakini watoto walimwambia tu kwamba mwaka 1960 Nyanzala aliupata mwamba; kwa mwaka wa kuzaliwa alikuwa na shahidi mmoja tu, nalo ni jina, na jina lilikuwa limesema habari za mtu mwingine.

Hata hivyo, Bibi Melania naye alikuwa shahidi mmoja. Ijumaa asubuhi Lukresia alikwenda parokia iliyombatiza Nyanzala, akaomba daftari la ubatizo. Alilipata jina ukurasa wa sitini na moja: Martina Nyanzala, mtoto wa wiki mbili, Februari 1953.

Alimpigia simu Mzee Telesphori, mwenyekiti wa majaji wa tuzo, akamweleza kosa.

"Profesa, kesho wewe pokea," Telesphori alisema. "Utarekebisha toleo la pili. Nani atajua?"

"Mimi najua. Na Bibi Melania anajua, nimeshamwekea kiti mstari wa mbele."

Jumamosi jina lake lilipotajwa alipanda jukwaani, lakini hakunyoosha mkono kuipokea tuzo. Alieleza kosa kwa dakika nne: tarehe ipi, ukurasa upi, nani alimsahihisha. Hakuomba huruma. Majaji walijitenga pembeni na soda zao, wakarudi na uamuzi: tuzo ingesubiri kitabu kirekebishwe, kisha kipimwe upya.

Alirudi kukaa kando ya Bibi Melania.

"Mdomo wangu umekukosesha," bibi alisema.

"Hapana. Nimekosa kwa sababu Geita niliiona mbali."

Mwaka uliofuata aliutumia kuandika sura ya nne upya. Hadithi ya msichana aliyebahatika ilikwisha, na mahali pake likaja swali ambalo hakuna aliyewahi kuliuliza: yule bibi yake Nyanzala, mjane mwenye umri wa zaidi ya miaka hamsini, aliujuaje mwamba alipouona? Jibu lilimpeleka kwa wachimba dawa wanawake, ambao kwa vizazi vingi walikuwa wakisoma udongo na mawe ili kujua mzizi upi unaota wapi. Kila habari aliitafutia shahidi wa pili, na zile kumi na moja zilizokosa alizitupa. Sura ya kurasa kumi na nne ikawa sehemu nzima ya kitabu, na ndiyo majaji waliyoitaja kwanza walipomkabidhi tuzo.

Siku iliyofuata aliipeleka nakala Segese. Jaladani sasa alikuwapo mwanamke mzee, jembe begani. Bibi Melania alikisogeza kitabu mbali na macho.

"Jembe alikuwa analishika mkononi," alisema.

Lukresia alitoa kalamu. "Mkono upi?"