Mara Ishirini na Nne kwa Sekunde

Fundi wa kituo cha redio aliambiwa na mama mkwe wake, tena kabla ya chai. "Mwanangu, watangazaji wenu siku hizi wanaongea kama wamekalia mashine ya kusaga. Kuna nini?"

Alipofika kazini akamkuta meneja amekwisha kasirika.

"Uzembe tu," alisema meneja. "Nakuja karakana kujionea."

Akafunga ofisi yake ya ghorofani na kuzima kila kitu, kama kawaida yake, akashuka. Alipotia mguu karakana, sauti ikawa safi kabisa.

"Unaona? Hata mashine zinajua nani kaingia."

Akapanda zake. Dakika mbili hazikupita, mtetemo ukarudi. Ikawa hivyo siku tatu mfululizo, na kila siku meneja alizidi kujiamini.

Siku ya nne fundi akahamishia matangazo kwenye njia ya akiba. Akachomoa waya wa antena ndogo inayopeleka sauti mnarani, akauunga kwenye analaiza, kifaa kinachotuma mawimbi na kupima yanayorudi, akaifungia kwenye masafa yaleyale ya antena. Kioo kikaonyesha mawimbi yanayorudi yakipanda na kushuka ovyo, kama nywele zisizochanwa. Kisha akaiamuru igeuze picha: iache kuonyesha muda, ionyeshe kasi ya mtikisiko. Vurugu yote ikalala, ukasimama mwiba mmoja. Kitu fulani kilikuwa kinaitikisa ishara mara ishirini na nne kwa sekunde.

"Labda ni moyo wangu bosi akiniita," alisema mtangazaji aliyekuwa akichungulia.

Antena ilifungwa nje ya dirisha la meneja. Fundi akapanda. Ndani ya dirisha hilo ilinguruma feni mpya ya chuma, mapanga matatu. Kibandiko kilisema mizunguko mia nne na themanini kwa dakika. Minane kwa sekunde, mara tatu. Hakuhitaji kalamu.

"Samahani bosi, ni feni yako. Mapanga yanarudisha mawimbi."

Meneja akacheka mpaka akakohoa. "Mbona nikishuka sauti inatulia? Feni inaniogopa?"

"Ukishuka unaizima, bosi."

Meneja akatikisa kichwa. "Binti, tatizo hapa ni usimamizi."

Kesho yake akazima kila kitu ofisini, feni ikiwemo, akahamishia meza yake karakana, ubavuni mwa fundi, ili nidhamu isitoroke. Matangazo yakatulia moja kwa moja. Makao makuu wakampongeza kwa barua, wakamwita akafundishe mafundi wa vituo vingine.

"Hebu niandikie maneno ya kitaalamu kidogo," alimwambia fundi.

Fundi akaandika kurasa mbili za ukweli mtupu, feni na mapanga yake yote. Meneja akazisoma mbele ya ukumbi bila kuruka neno. Mafundi waliangua kicheko mpaka wengine wakafuta machozi, naye akainama kushukuru, akiamini wamependa utani wake.

Fundi, kwenye viti vya nyuma, alipiga makofi mpaka viganja vikamuwasha.