Ndege Zinazolala Kwenye Matete

Haba na haba humaliza kibaba. Wanaofundisha kinyume chake hawajawahi kukaa juu ya dungu la shambani saa kumi na mbili asubuhi wakiwatazama kweleakwelea wanavyotua kwenye mpunga. Ndege mmoja ni mdogo kuliko ngumi ya mtoto, na anachokula kwa siku hakijazi kifuniko cha chupa. Ila haji mmoja.

Mwaka ule walikuja mpunga wa mama yangu ukiwa kwenye maziwa, yaani ukiibonyeza punje inatoa ute mweupe. Hapo ndipo wanapoupenda zaidi. Wanaminya, wananyonya, wanaacha kapi. Mama yangu, Kunigunda, alikuwa na ekari moja na nusu kusini kidogo ya Chiwanda, karibu na mahali mto unapoingia ziwani. Mpunga huo ndio uliokuwa chakula chetu cha mwaka mzima. Muhogo ulikuwa umeozea ardhini kwa mvua, na mimi, mwenye stashahada ya ualimu wa Kiswahili, nilikuwa mwaka wa tatu nikisubiri ajira. Hapakuwa na chungu kingine cha kutegemea.

Tukawa tunaamia ndege. Mama upande huu na kombeo, mimi upande ule na kamba yenye makopo. Ukiwafukuza huku wanatua kule. Ukishuka kunywa uji wanarudi wote. Baada ya siku tatu bega la mama lilikuwa limevimba, na masuke ya kona nzima ya shamba yalikuwa yamesimama wima bila kitu ndani.

"Mchana mnacheza nao tu," alituambia Swalehe. Swalehe ni askari wa wanyamapori wa upande wa Liparamba, mtu wa maneno machache, mwenye bunduki ya marisau. "Ndege hapigwi anapokula. Anapigwa anapolala. Wenu wanalala kwenye yale matete ya mdomo wa mto. Nipatieni barua ya kijiji, ofisi itoe kibali, nije usiku."

Mtendaji wa kijiji alikuwa likizo ya uzazi, kwa hiyo barua iliandikwa na mwenyekiti, mjomba wangu Pankras, kaka yake mama wa tumbo moja. Nilimwomba niipitie kabla haijapanda bodaboda.

"Barua ya serikali haipitiwi na mtu anayeisubiri serikali," alisema, akalamba bahasha.

Nilicheka. Sentensi ilikuwa imekaa vizuri, nami huwa sigombani na sentensi nzuri. Barua ikaenda.

Siku nne zikapita. Siku ya tano, badala ya kibali, likaja gari. Wakashuka wanaume wawili wasio na sare, mmoja ameshika barua ya mjomba ndani ya jalada. Nilimwacha mama kwenye dungu nikaenda ofisi ya kijiji, na nilipofika watu walikuwa wameshajaa mlangoni na madirishani.

"Mwenyekiti," alianza yule mwenye jalada, "hizi ndege zinatokea upande gani?"

"Msumbiji, mkuu. Zinavuka mpaka jua likizama."

"Ngapi?"

"Hazihesabiki."

Wageni walitazamana. "Na zinatua wapi?"

"Kwenye matete, hapo mtoni. Zinalala mpaka alfajiri."

"Zinatua kwenye matete."

"Ni ndogo ndogo, mkuu."

"Rubani mmewahi kumwona?"

Mjomba alifikiri. "Huwa kuna moja inatangulia," alisema.

Yule mwingine alikuwa anaandika kila neno. Ndipo nilipoelewa kwa nini siku tano zilikuwa zimepita bila kibali. Nilipenya mpaka mezani.

"Shikamooni. Samahani kuwakatiza. Ndege wenyewe ni hawa wenye manyoya. Kweleakwelea. Wanakula mpunga."

Aliyekuwa anaandika aliacha kuandika. Kisha mgeni aliisoma barua upya, safari hii kwa sauti: "Tunaomba kibali cha kupiga ndege zinazovuka mpaka kila jioni na kulala kwetu, kwani zimezidi na wananchi wana hofu." Madirisha yote yakaangua kicheko. Wageni nao walicheka, lakini kwa adabu, wakitazama chini.

Hapa niseme haki ya mjomba wangu. Kosa lile si la ujinga. Sisi nyumbani tunasema Kinyasa, na kwa Kinyasa yule wa manyoya ni mbalame. Neno ndege tunalo, lakini ni la ile ya chuma inayopita juu. Kwa hiyo mjomba aliposhika kalamu ya Kiswahili na kuandika ndege, kichwani mwake manyoya yalikuwepo, lakini mkono ukafuata chuma. Kiswahili kinamheshimu mwenye uhai: ndege analala, ndege wanalala. Ukisema zinalala umeshawapa injini. Ni herufi mbili tu, na herufi hizo mbili zilitugharimu siku tano za mpunga.

"Basi mtuandikie nyingine sasa hivi," alisema mgeni, "tunaondoka nayo."

Niliandika palepale, mistari minne, nikaiweka mbele ya mjomba asaini. Hakuitazama.

"Nitaiandika mwenyewe," alisema. "Kesho nitaituma."

"Mjomba, kesho ni mbali. Mama yuko shambani peke yake."

"Nimesema nitaiandika mwenyewe. Ofisi hii ina mwenyewe."

Gari lilikuwa limeshawashwa. Niliwaza bega la mama. Nikasema, na nilisema kwa sauti ya kusikika nje: "Ukiiandika wewe, mjomba, kesho watakuja na mizinga."

Kicheko kilichofuata kilifika mpaka ziwani. Mjomba alisaini. Muhuri aliugonga juu chini.

Kibali kilikuja kesho yake mchana, kimepigwa picha, kwenye simu ya Swalehe. Jioni yake alifika na pikipiki, bunduki mgongoni, katoni mbili za risasi kwenye mfuko wa unga. Hapakuwa na mwezi. Alitupanga watu sita nyuma yake na tochi za kichwani, zote zimezimwa, akatueleza utaratibu. Filimbi moja, tunawasha. Filimbi mbili, tunazima na hakuna anayesogea. Hakuna kuingia majini mpaka asubuhi, maana mamba naye hula usiku.

Tulikaa chini kwenye majani yaliyolowa tukisubiri watulie. Sikuwahi kujua kwamba ndege wengi wakilala wana sauti. Si mlio. Ni kama mvua ndogo kwenye majani ya mgomba, maelfu ya miguu ikibadilisha mahali pa kushika. Matete yaliinama kwa uzito wao. Nyuma yetu ziwa lilikuwa limelala kabisa, na mbali, taa za wavua dagaa zilisimama kwenye mstari kana kwamba kuna barabara huko.

Filimbi. Tukawasha. Waliduwaa, vifua vimebanana, macho madogo yakirudisha mwanga. Swalehe alilenga chini kidogo ya vichwa, usawa wa matete, akapiga. Marisau yalipita kama mchanga uliorushwa. Filimbi mbili, giza, tukangoja. Waliobaki walizunguka juu yetu, wakarudi, wakatulia. Alifanya hivyo mara kumi na tisa, bila haraka, akisogea hatua chache kila mara. Hakuna aliyeshangilia. Mama, aliyekuwa amekaa karibu yangu, alininong'oneza kitu kimoja tu usiku ule: "Poleni, wadogo." Alikuwa anawaambia ndege.

Asubuhi tuliokota magunia manne, wanawake wakanyonyoa, kijiji kizima kilikaanga. Waliosalia walipaa kabla ya jua na jioni hawakurudi kwenye matete yale. Najua hawakutoweka duniani. Walikwenda kuwa shida ya mtu mwingine. Lakini mpunga uliokuwa umebaki ulikomaa. Mama alivuna magunia tisa. Yangekuwa kumi na matatu kama barua ya kwanza ingesema wanalala.

Mjomba hakuja kwenye mavuno. Watoto walikuwa wamempa jina, Uwanja wa Ndege, na alipopita walinyoosha mikono kama mabawa na kuvuma kwa midomo. Hakuitikia tena salamu za mama. Hilo lilimuuma mama kuliko bega. Jumapili moja baada ya misa alinipa kuku jike, akaniambia tunakwenda kwa kaka yake, nami nitapiga magoti, nitatoa kuku, nitaomba radhi mbele ya wazee wa ukoo.

Tulikwenda. Nilipiga magoti, nikasema shikamoo, nikatoa kuku.

"Marahaba," alisema mjomba. "Haya, sema."

"Kuku huyu ni wa kukushukuru, mjomba. Ulisaini."

"Sikukuita ushukuru. Ulinifanya kichekesho kwenye ofisi yangu. Lugha hii si yako peke yako, kwa sababu tu umeisomea."

"Si yangu peke yangu. Ndiyo maana nilikuomba niipitie mapema, tukiwa wawili tu."

Wazee waliguna. Mama alinifinya mgongoni. "Restituta, mwanangu. Ni neno moja tu."

"Mama, kwa hao watoto nitakwenda mwenyewe leo jioni, nyumba kwa nyumba, waache kumvumia. Wanakosea. Jina lile si mimi niliyempa."

"Na ile ya mizinga?" aliuliza mjomba. "Ile nayo walisema watoto?"

"Ile nilisema mimi."

"Basi iombee radhi."

Nilimtazama mama, bega lake bado limekaa chini kuliko jingine. Kama nisingesema lile neno, kalamu ingebaki mezani na gari lingeondoka tupu. Kuomba radhi kungekuwa kusema kwamba afadhali mama akose chakula kuliko kaka yake achekwe. Siamini hivyo, na sitalisema jambo nisiloliamini kwa lugha ninayoipenda.

"Hapana, mjomba," nilisema. "Radhi siombi."