Kijiko Yupo

Saa kumi na mbili kamili asubuhi, karani wa kambi alisimama chini ya mlingoti wa bendera, daftari mkononi, akaanza kuita majina. Kikosi kilikuwa na watu arobaini na mmoja, wametumwa kulinda amani katika nchi ya watu. Kila aliyeitwa alijibu "Nipo!" kwa kifua, hata wenye homa.

Jumanne hiyo aliruka jina moja.

"Mbona umeniruka, dada?" ikauliza sauti kutoka safu ya tatu.

Alikuwa Kijiko, dereva, aliyepewa jina hilo kwa kutembea na kijiko mfukoni kama wenzake watembeavyo na kalamu. Jana yake gari lake lilikanyaga bomu ng'ambo ya daraja, mahali ambapo kikosi kilikatazwa kufika. Kamanda ndiye aliyemtuma, akamletee godoro. Godoro lilifika salama na gari la nyuma. Kijiko walimzika hukohuko, harakaharaka.

Karani akaliita jina.

"Nipo!" Udongo ulimtoka masikioni.

"Jipanguse basi, unanichafulia shati," koplo aliyesimama naye alinong'ona, akasogea kando kumpa nafasi.

Karani na Kijiko walikuwa wameahidiana siku waliyofika: atakayetangulia, mwenzake atahakikisha mama anaambiwa ukweli na anakabidhiwa mwili na bendera. Basi karani akaandika taarifa, akaipeleka kwa kamanda.

Kamanda alisoma akiwa amejilaza kwenye godoro.

"Leo alijibu, hakujibu?"

"Alijibu, afande."

"Sasa unataka kumzika mtu aliyejibu jina lake?"

"Mama yake, afande..."

"Mama yake ana mwana anayelitumikia taifa. Amlilie ya nini? Kachane hiyo."

Karani akaichana.

Kijiko akapangiwa lindo la darajani, ambalo kila mtu aliliogopa. Hakula, hakulala, hakuomba likizo. Kamanda alimsifu mbele ya kikosi. "Huu ndio uzalendo," alisema. "Huyu anaiheshimu bendera." Wakapiga makofi, macho chini.

Kila mara karani alipopita darajani, Kijiko alimuuliza, "Mama ameshaambiwa?"

"Bado, kaka."

"Haya. Nasubiri."

Wiki ya tatu kamanda alianza kukagua safu polepole, akibonyeza mabega ya watu kama achaguaye tikiti sokoni. Wenye afya walijifunza kukohoa. Ijumaa akasimama mbele ya karani.

"Chumba changu hakina kabati. Ng'ambo kule yapo mazuri. Wewe unajua kuendesha?"

Hakuna aliyekohoa.

"Najua, afande."

"Basi leo hiihii."

Karani alimkabidhi koplo daftari. Akamvuta kando.

"Kaka, kesho ukiniita nikajibu, jifanye hujanisikia. Andika sipo. Mama yangu ni mzee, asije akaachwa anangoja."

Koplo alilifunga daftari.

"Nina watoto watatu, dada," alisema. "Ukijibu, nitaandika upo."

Karani akaitikia kwa kichwa. Hakuwa na la kumlaumu, yeye mwenyewe alikuwa ameichana taarifa. Akavaa kofia, akaiweka sawa, akawasha gari.

Darajani Kijiko aliinua kizuizi, akasimama wima na kumpigia saluti, kama amri inavyotaka.