Mbuzi Kwenye Kilio cha Chui

Nilikuwa nimevaa miwani ya marehemu, koti la marehemu, na tumboni nimejaza mto wa kochi lake, na uwanja mzima ulikuwa unanicheka.

Ilikuwa mchana kweupe, Karavia, mtaa wa wenye nacho, nyumbani kwa Profesa Nkandu. Jeneza lilikuwa sebuleni. Nje, chini ya maturubai, walikaa wenzake wa chuo kikuu na majoho yao meusi, wabunge wawili watatu, wanafunzi wake wa zamani, na kamera ya televisheni. Mimi, mwanamke mzima, nimesimama mlangoni nimewazibia njia. Hakuna aliyethubutu kunisukuma, maana mimi ni wa ukoo wa Mbuzi, yeye alikuwa wa ukoo wa Chui, na koo hizo mbili ni watani tangu enzi za mababu. Kwetu mtani tunamwita munungwe. Chui akifa, Mbuzi ndiye huchimba kaburi, ndiye humfungulia njia, na ndiye humtukana maiti mpaka wafiwa wapate kupumua. Aseme lolote, hakasirikiwi; na Mbuzi akifa, Chui naye humfanyia vivyo hivyo.

Haki hiyo niliingoja miaka. Nilimwomba Mungu Nkandu atangulie kufa, nami nisimame mbele ya maiti yake na mdomo wangu huu. Nalisema bila haya.

Msidhani simjui. Alinifundisha falsafa, na nilimpenda kama tulivyompenda wote. Alikuwa akija chuoni kwa miguu kutoka Katuba, mtaa wa makabwela, viatu vyekundu kwa vumbi, akila bukari, ugali wetu, na sisi kwenye sahani moja. Aliandika vitabu vitatu, na vyote vitatu vilibeba neno moja tu: wazo la siasa lipimwe kwa kazi linayofanya. "Musiniulize kama wazo iko ya kweli," alikuwa akituambia, kidole juu. "Muniulize inatumika namna gani." Nilipokuwa mwalimu wa sekondari niliwafundisha wanafunzi wangu maneno hayo hayo, kwa kidole hicho hicho.

Kisha kikajengwa kiwanda cha asidi juu ya kijito cha kijiji chetu. Mboga za mdogo wangu Lombe zikaanza kuungua majani, halafu ngozi ya mikono yake ikafuata. Lombe hakuwa mtu wa maneno mengi, lakini aliwakusanya watu wakafungua kesi, na jaji akakubali kuisikiliza. Ndipo Nkandu akaja kutupatanisha na kiwanda. Alikuja kwa gari la kiwanda. Akashuka na chupa yake ya maji mkononi.

"Bandugu," akatuambia, "procès, ile kesi yenu, itakamata miaka, na mutoto iko na kiu leo. Batatupatia forage, batatujengea masomo. Kweli ya Lombe iko muzuri, sikatae. Lakini inafanya nini?"

Lombe akaenda kijitoni, akachota kikombe, akamletea.

"Professeur, kunywa. Tuone ile mayi inafanya nini."

Nkandu alicheka kidogo. Akakipokea kikombe, akakiweka chini polepole, akafungua chupa yake. Watu nao wakacheka, na wiki hiyohiyo wakafuta kesi. Hiyo forage, kisima cha pampu, ilitoa maji msimu mmoja, ikakauka. Hayo masomo, yaani shule, ilijengwa kuta, paa mpaka leo hakuna. Lombe aliendelea kumwagilia kwa maji yale na kula alichovuna, kwa kuwa hakuwa na kingine, mpaka figo zikamwisha. Siku ya mwisho mama alimnyanyua kitandani peke yake, alivyokuwa amekonda, na mama alikuwa kikongwe.

Ningeweza kuyameza hayo. Watu wa huku tumemeza mengi. Lakini kitabu chake cha tatu kilipotoka, kile kilichompa tuzo Ulaya, kijiji chetu kilikuwa na sura nzima. Eti maafikiano yaliyozaa matunda. Na Lombe yumo, hata jina hakupewa: "mkaidi mmoja aliyependa kushinda kuliko kunywa." Nilisoma mstari huo nikiwa mbele ya darasa. Niliwaambia wanafunzi watoke nje, nikakaa juu ya meza kama mwehu.

Sasa siku ya mazishi, ratiba inasema mkuu wa kitivo atasoma sura hiyo kumuaga mwenzake. Mbele ya kamera! Mdogo wangu azikwe mara ya pili, mkaidi milele. Nikaapa haisomwi.

Kwa hiyo nilikuwa pale mlangoni na tumbo la mto. Nilitembea kama yeye, nikanyanyua kidole kama yeye. Nikaleta kikombe, nikakiweka chini, nikafungua chupa, nikanywa nikijilamba. Nikapiga kelele: "Ule chui alikula mbuzi yangu! Alikula Lombe, mutoto ya mama yangu! Alimuacha anakunywa asidi, yee anakunywa mayi ya chupa ya magazini!"

Niliyasema yote. Niliyasema kwa uchungu wote nilionao.

Wakafa kwa kicheko. Chui kala mbuzi: kwenye kilio cha mtani hakuna utani unaouzidi huo. Maprofesa walijipiga mapaja. Dédé, binamu yangu na mtani mwenzangu, alijitupa chini akibweka kilio cha uongo. Mjane, Maman Laurentine, ambaye hakuwa ametia kitu mdomoni tangu mumewe akate roho, alicheka mpaka machozi, akaja akanikumbatia, koti la mumewe na mto wake, vyote pamoja.

"Aksanti, munungwe," akaninong'oneza. "Umenirudishia roho."

Ee jamani! Maneno niliyoyalea miaka yote yale nimchome nayo, yamemfariji mke wake. Nilisimama mikononi mwa yule mama nikamsikia Nkandu mle ndani ya jeneza akiniuliza: neno lako, Chilufya, limefanya kazi gani? Na jibu nililijua, alinifundisha mwenyewe.

Mkuu wa kitivo alikuwa ameshainuka, karatasi mkononi, bado anafuta macho kwa kucheka.

Nikavua miwani. Nikavua koti, nikautoa mto, nikavikunja vyote, nikavipeleka kwa Papa Jeannot, kaka wa marehemu na mkubwa wa ukoo wao, nikaviweka miguuni pake.

"Papa, chukua. Miye haiko tena munungwe yenu."

Akadhani ni mchezo mwingine wa mtani kudai malipo yake. Akatabasamu, akaniambia, "Weye mbuzi, unataka kasha ya bia?"

"Hapana, papa. Sitaki kintu. Bunungwe yangu na banyinyi inaishia hapa."

Dédé akaruka kutoka chini, vumbi mgongoni, akanishika mkono. Hakuwa na utani tena usoni. "Chilufya, una wazimu? Siku utakufwa, nani atakuzika?"

"Hiyo ni yangu."

Nikawageukia wale watu. Sikupaza sauti. "Mdogo wangu aliitwa Lombe. Alisema maji yana asidi, na yalikuwa na asidi. Alimpa Profesa kikombe. Profesa hakunywa."

Hakuna aliyecheka. Maneno yalikuwa yale yale, na safari hii yalikuwa yangu tu, hayana ukoo wa kuyasindikiza. Uso wa Maman Laurentine nikauona unazeeka.

"Hakukunywa?" akauliza.

"Hakunywa, maman."

Alikaa chini. Nilimwonea huruma, ndiyo, na sikulifuta hata neno moja. Mkuu wa kitivo aliitazama karatasi yake, akamtazama mjane, akaikunja, akaitia mfukoni. Akasema sala fupi. Sura haikusomwa, siku ile wala baadaye nijuavyo mimi. Jeneza likatoka nje, na Dédé, aliyepaswa kucheza mbele yake, alitembea kando kimya, mikono nyuma. Walimbeba Nkandu kama wanavyobebwa wageni waliofia hospitalini.

Nililala vizuri usiku huo. Sikujuta, na sijajuta.

Ila sokoni kuna mama mmoja anauza samaki wakavu wa Pweto, naye ni Chui. Zamani nikitokea tu alikuwa akipiga kelele soko zima lisikie: "Mufunge mboga zenu, mbuzi inakuya!" Alinitupia samaki waliovunjika, nami nikamwibia mmoja mzima mbele ya macho yake, tukatukanana mpaka tumbo linauma. Sasa ananichagulia wazuri. Anawafunga vizuri kwenye karatasi, ananipa kwa mikono miwili.

"Bonjour, Madame," ananiambia.

Nami ninamwitikia, ninachukua samaki wangu, ninakwenda.