Gorfa Niliyoiosha

Povu lilikuwa bado linachuruzika ukutani Mama Fosia alipoingia getini. Nilikuwa nimeitundika gorfa, chombo chake cha maziwa, juani, mdomo chini, na kila tone lililoanguka lilichimba kishimo kwenye vumbi la ua. Nilisimama kando yake nimekunja mikono ya blauzi, nikisubiri asante.

Aliweka chini mfuko wake wa safari, akaishusha gorfa, akaingiza pua ndani. Alikaa hivyo muda mrefu, kama mtu anayesikiliza. Halafu akauliza kwa sauti ya kawaida kabisa:

"Uliosha na nini?"

"Na sabuni, Mama. Na maji ya moto. Ilikuwa nyeusi ndani, nikasugua mpaka ikatakata."

"Ikatakata," alirudia. Akaingia nayo ndani, akafunga mlango.

Ni miaka sita sasa. Niko kwetu Ileje, kusini mwa Tanzania, mahali ambapo mvua haiombwi na mtu, na asubuhi ukungu unakaa juu ya mibuni kama shuka lililosahauliwa. Lakini kuni mbichi zikianza kufuka jikoni, mama yangu anajua hatapata jibu kutoka kwangu kwa dakika kadhaa. Nipo Isiolo.

Kanisa letu dogo lilinituma huko kaskazini mwa Kenya nikiwa na miaka ishirini na mitatu, cheti cha darasa la saba na cherehani ya mkono. Kazi yangu ilikuwa kufundisha wasichana kushona, kutembelea wagonjwa na, kwa maneno ya mchungaji wetu, kufungua mlango. Nilipanga chumba mtaa wa Wabera, katika ua wa Mumina, mjane wa Kiborana aliyeuza maziwa ya ngamia sokoni. Kwa heshima wote tulimwita Mama Fosia. Jina langu, Tupokigwe, liliwashinda, wakalikata likabaki Tupo.

"Ati Tupo, na uko peke yako," Fosia, binti yake, alinicheka siku ile ya kwanza. Shikamoo yangu nayo aliibeba jikoni akaenda kuwaonyesha wenzake.

Miezi tisa ilipita. Darasani kwangu walikuja wasichana wawili, kisha mmoja akahamia Meru. Kila usiku nilimkumbusha Mungu tarehe niliyokuwa nimempangia. Nilikuwa kama mtu aliyepanda viazi akawa anavifukua kila siku kuangalia kama vimeota.

Ndipo ukatokea msiba kwa ndugu zao kule Kipsing. Mama Fosia na binti yake waliondoka kwa siku tatu, na ufunguo wa nyumba wakaniachia mimi. Nikajiambia, hii ndiyo nafasi. Nilifua mapazia, nikasugua masufuria, nikapiga deki hadi uvunguni. Siku ya tatu nikaiona gorfa ukutani, chombo cha maziwa kirefu kilichosukwa kwa nyuzi za mizizi, kina mfuniko wake na mkanda wa ngozi. Kwetu maziwa hukaa kwenye sufuria. Niliona weusi ule ndani, nikaona uchafu.

Aliyenieleza ni Fosia, jioni ile, amesimama mbali kidogo. Gorfa haioni sabuni maisha yake yote. Husafishwa kwa moshi, na moshi ndio unaoziba matundu ya nyuzi, unaolinda maziwa na kuyapa ladha. Hii ilisukwa na bibi yake. Mama yake aliolewa nayo. Baada ya wiki saba Fosia mwenyewe alikuwa aolewe nayo, aende Sericho kwa wakwe zake, kina Jattani.

"Na bibi harusi akifika bila gorfa ya mama yake?" niliuliza.

"Watauliza kama ako na mama."

Nilikuwa nimesugua moshi wa miaka arobaini.

Mama Fosia hakunifukuza. Ingekuwa afadhali. Aliitikia salamu yangu kwa nusu ya sauti, akapita. Wanawake waliokuja kuchukua maziwa kwake walinitazama usoni, kisha wakaangalia mikono yangu. Na nilijua akinitoa katika ua ule, hakuna mlango mwingine Wabera utakaonifungukia.

Nilikwenda kwa Mwinjilisti Gitobu, Mmeru aliyekuwa akinisimamia.

"Dada, nunua ingine," alisema. "Peleka na sukari, hiyo maneno iishe. Na uombe. Mungu akitaka, hata leo."

Nilifunga siku mbili. Siku ya tatu nikapeleka gorfa mpya na sukari. Mama Fosia aliigeuza mkononi, akapapasa mshono.

"Ni nzuri. Ya nani?"

"Ya Fosia, Mama."

"Hapana. Hii ni ya soko." Akanirudishia. Sukari nayo akanirudishia.

Siku ya tisa tangu nioshe gorfa, alfajiri, Fosia alibisha kwangu. "Mama anasema ukuje na mikono yako. Usikuje na kitu ingine."

Nilimkuta Mama Fosia amechuchumaa penye moto. Kulikuwa na kuni za ejersa, mzeituni wa porini, zilizoletwa kutoka milimani. Hakunifundisha kwa maneno. Alichukua kijiti kilichokolea moto, akakizima ncha, akakitumbukiza ndani ya gorfa, akafunga mfuniko, akatikisa. Moshi ulitafuta njia ya kutoka, ukaikosa. Alipofungua akakung'uta majivu, akapangusa kwa brashi ya nyuzi, akanisukumia. Nikafanya. Akanionyesha kwa kidevu: tena.

Hivyo kila asubuhi, kabla hajaenda sokoni. Jioni aliweka maziwa kidogo, asubuhi akayaonja, akayamimina nje, kwa paka. Paka alinusa akaondoka. Wanawake wa maziwa walianza kukaa kidogo kutazama.

"Tupo, leo umefukiza gorfa ama umejifukiza?" mmoja wao, Amran, aliniuliza, na macho yangu yakitiririka machozi ya moshi. Walicheka. Ilikuwa mara yangu ya kwanza kuchekwa tangu nioshe, na sikujua kicheko kinaweza kushibisha hivyo.

Nilinusa gorfa ile kabla ya kusoma Zaburi. Sabuni ilikuwepo. Nilinusa baada ya kusali. Ilikuwepo.

Asubuhi moja Mama Fosia aliniona midomo ikinicheza.

"Unaongea na nani?"

"Na Mungu, Mama."

"Unamwambia nini?"

"Afanye haraka. Harusi imekaribia."

"Na anakujibu?"

"Bado."

"Basi tikisa."

Usiku wa kuamkia safari ya Fosia, maziwa ya ngamia yalilala ndani ya gorfa. Ua ulijaa watu, hina, harufu ya nyama. Asubuhi Mama Fosia hakuonja mwenyewe. Alimpa binti yake. Nilisimama mlangoni nimeshika shuka langu, nikisali bila maneno, na niliamini, jamani, niliamini kabisa, kwamba Mungu aliyenitoa Ileje hawezi kunitupa hapo.

Fosia alimeza. Akatazama chini.

"Bado, Aayo," alimwambia mama yake.

Mama Fosia alifunga mfuniko. "Nitasema inafuata," alisema, akairudisha gorfa ukutani. Bibi harusi akaondoka bila chombo cha mama yake, na nilimwona akipanda gari bila kutazama ukuta ule.

Wiki hiyohiyo ujumbe uliingia kwenye simu kutoka Ileje. Wazee wa kanisa walikuwa wamekaa. Kama hakuna mlango uliofunguka, nirudi kabla ya mwezi wa sita. Gitobu alinishauri niandike chochote. "Sema unatembelea nyumba kumi na mbili. Si unatembelea?"

Nilikaa na simu mpaka betri ikaisha. Asubuhi nikaenda penye moto nikidhani nitakuta majivu baridi, kwa kuwa harusi imekwisha na hakuna tena cha kukiwahi. Mama Fosia alikuwa amechuchumaa mahali pale pale. Kijiti kilikuwa tayari.

Nikaelewa kwamba yeye hakuwa ameweka tarehe. Mimi ndiye niliyeweka, nikambebesha Mungu.

Niliwaandikia wazee ukweli. Nimeharibu chombo cha watu, ninakitengeneza, sijui kitakamilika lini. Walijibu kwa neno moja: Tunakuombea. Sikujua kama ni ruhusa au ni kuniaga, nikaamua ni ruhusa.

Mwezi wa nne ukapita. Wa tano ukapita. Amran alileta dera lililochanika begani, nikalishona, akaleta na dada zake. Kuna mtoto aliyeugua, nikakesha na mama yake hospitalini, wala sikuihesabu katika nyumba nilizotembelea. Siku moja niligundua nimemaliza Zaburi na sijanusa gorfa. Nilirudi nikatikisa kama kawaida, nikaendelea na siku yangu. Mwezi wa sita ulikuja nikiwa bado Wabera, na hakuna aliyepiga simu.

Ilikuwa mwezi wa nane Mama Fosia alipoonja maziwa, akaonja tena, akanipa. Yalikuwa na ladha ya moshi tu, na mbali, chini kabisa, utamu. Paka alikuja mwenyewe.

"Kesho lori la Guracha linaenda Sericho," alisema. "Utaipeleka."

"Mimi, Mama?"

"Kwani nani aliifukiza?" Aliufunga mkanda wa ngozi mara mbili, akaukagua. "Na wakikuuliza hiyo swali, usiseme Mtanzania."

"Niseme nani?"

Alikuwa ameshanyanyua ndoo zake za maziwa. Alinijibu akiwa getini, mgongo kwangu, kwa sauti ile ile ya kawaida aliyoniuliza nayo siku ya sabuni.

Nilisafiri siku nzima juu ya magunia ya unga, gorfa mapajani, nimeikumbatia kwa mikono yote miwili kila lori lilipoingia shimo. Nchi ilizidi kuwa kavu, nyeupe, ngamia wachache wakitembea kama wanaokumbuka maji. Jua lilipokuwa linashuka tukafika Sericho. Fosia alitoka nje ya nyumba akiwa na tumbo la miezi sita, akaniona, akaiona gorfa, akakaa chini palepale.

Mama mkwe wake ndiye aliyenipokea. Mwanamke mrefu, mwenye macho yasiyoharakisha. Hakunisalimia kwanza. Alichukua gorfa, akafungua, akaingiza pua, akakaa hivyo muda mrefu. Nami nilisimama mbele yake na vumbi langu la safari, mikono mitupu, na sikuwa na ombi lolote lililobaki.

"Nani alifukiza?"

"Dada yake," nilisema.

Alinitazama mimi, akamtazama Fosia pale chini. Fosia aliitikia kwa kichwa.

"Mkubwa ama mdogo?"

"Mkubwa."

Akafunga mfuniko, akaenda kutafuta maziwa.